Pete Isiyolala Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala tupa. Nilipewa kipande cha fedha, kidogo kama kucha ya dole gumba, nikaambiwa nikifumbe kiganjani na kukaa kwenye kigoda karibu na mlango mpaka Fundi Mkuu arudi kutoka kuswali adhuhuri. Nilidhani napimwa wizi. Nikakifumba kwa hasira hata mkono ukatoa jasho kuliko kawaida, na kumbe jasho lenyewe ndilo alilokuwa analitafuta.

Aliporudi alikichukua, akakipeleka penye mwanga wa dirisha, akakigeuzageuza.

"Haijaingia weusi," alisema. "Una mikono mitamu, binti. Kesho uwahi."

Kuna watu ambao jasho lao ni kali. Fedha ikikaa kiganjani mwao inapoteza rangi, na hata dhahabu hafifu inafifia. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa karani, mwalimu au diwani, lakini usonara si kazi yake. Ninyi vijana mnaonunua pete zikiwa zimepangwa kwenye kisanduku cha kioo huenda hamjui hata neno lenyewe. Sonara ni fundi anayeyeyusha dhahabu na fedha, anazifua, anaziunga, na kutengeneza pete, hereni na mikufu kwa mkono. Ndiyo kazi niliyoifanya toka ujana wangu mpaka macho yalipoanza kuniomba ruhusa. Watu wa huku wananiita Mama Limi, kwa jina la binti yangu.

Duka lile la kwanza lilikuwa Shinyanga mjini, si mbali na stesheni. Mwenye duka tulimwita Tajiri, na tulimwona kwa nadra. Msimu wa pamba ulipofika, wakulima waliokwisha kuuza walikuja na wake zao kununua hereni, na dukani kukawa na harufu ya vumbi, nguo mpya na furaha. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye meza ya kazi. Wateja walinisalimu vizuri, halafu wakaniomba nikawaitie fundi. Nilikuwa nainuka, nazunguka nyuma ya pazia, narudi, nakaa palepale na kuwauliza, "Haya, mna shida gani?" Baadhi walicheka. Wengine waliondoka, na walikuwa na haki yao.

Fundi Mkuu alikuwa mzee wa Tabora, mrefu, msema kidogo. Alinianzishia kwenye lehemu. Lehemu ni dhahabu iliyochanganywa na fedha na shaba kidogo ili iyeyuke mapema kuliko dhahabu yenyewe. Unapaka unga mweupe wa boraksi kwenye maungio, unaweka kipande cha lehemu, unaleta moto taratibu. Ukiwa na pupa, pete yenyewe inayeyuka na unabaki na tone. Ukiwa mwoga, lehemu inajikunja kama shanga na haishiki popote. Kila fundi huchanganya lehemu yake kwa namna yake, hivyo ukitazama mshono kwa lenzi unaweza kusema huu si wa mkono uliofanya ule, kama mnavyotambua miandiko.

Jambo la pili lilinichukua muda kulielewa. Nilikuwa nafua ukanda wa bangili juu ya fuawe, kile chuma kizito cha kufulia, nikaona unaanza kuchanika pembeni. Nikaongeza nguvu. Akanishika mkono.

"Unampiga aliyechoka," alisema.

"Dhahabu inachoka, Fundi?"

"Inakaza. Ukiipiga, inakaza. Ukiendelea kuipiga ikiwa imekaza, inapasuka. Ipeleke motoni iwe nyekundu kidogo, halafu iache ipoe. Italainika. Ndipo uipige tena."

"Mara ngapi?"

"Kila ikikaza."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu enzi hizo nilikuwa nasikia mengine kila Jumapili. Shinyanga ni nchi ya almasi, na kila mchungaji aliyepita kwetu alikuja na mahubiri yake ya almasi: kwamba ni makaa tu yaliyobanwa sana chini ya ardhi, kwa hiyo vumilia, unabanwa ili ung'ae. Sikubishana na mtu. Lakini mezani kwangu jiwe lilishikwa na kucha, yaani vile vijino vya dhahabu vinavyolikumbatia juu ya pete. Ukizilegeza, jiwe linadondoka. Ukizikaza kupita kiasi, jiwe linapasuka, hata almasi yenyewe ikiwa na ufa ndani. Mahubiri hayakufika hapo.

Fundi Mkuu aliporudi kwao Tabora kupumzika, Tajiri alinihamishia Kahama, duka la Nyasubi. Pale nilikuwa chini ya Meneja, mtu mnene mwenye haraka, aliyeamini kwamba mteja haoni kazi, anaona mng'aro. "Mama Limi, sugua!" ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Alileta mashine ya kung'arishia na mitambo ya kumimina pete nyingi kwa mkupuo mmoja kwenye kalibu za plasta. Nilijifunza yote, na sitasema kwamba ya zamani yalikuwa bora, maana migongo yetu ya zamani haikuwa bora.

Nyasubi ndiko nilikoachwa na mume. Alikwenda machimboni kutafuta, na hakurudi. Si kwamba alifia shimoni. Alipata nyumba nyingine. Watu wakaniuliza kama nimemrudishia pete yake. Nikawajibu kwamba mimi niliolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe hawavuliwi. Nilisema kwa mzaha, lakini niliumia sana, na nikaumia kwa muda mrefu. Nilifanya kazi mfululizo bila kupumzika hata Meneja akawa na wasiwasi nami. Mahubiri ya almasi nikayasikia tena wakati huo, nikatoka nje ya kanisa kabla ya sadaka.

Mwisho nilipelekwa Nyarugusu, wilayani Geita. Tajiri alikuwa amefungua chumba cha kununulia dhahabu ya wachimbaji wadogo, akaona mchimbaji aliyepata atataka pia pete ya kumvisha mtu kabla pesa haijaota mbawa. Meza yangu ikawekwa dirishani. Msimamizi wetu alikuwa kijana wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama uzi wa timazi. Sisi wengine pale tulikuwa Wasukuma kwa wingi, na ninyi mnaotoka mbali mnajua tunavyotaniwa: *r* kwetu ni mgeni asiyekaa sana. Tunasema *kalibu*, tunasema *halaka*, na *daktari* anatoka akiwa *daktali*. Msimamizi alikwisha kutuzoea. Aliwahi kunitania kwamba ameanza kumwambia mkewe kwenye simu kwamba anampenda "bila kulegea", na mke akasikia "bila kurejea", akamwuliza ina maana harudi.

Sasa niwaambie habari ya Mama Masanja, maana hiyo ndiyo nilitaka kuisimulia toka mwanzo.

Alikuja kabla ya mchana, amepakiwa bodaboda, mkono wa kushoto umefungwa kitenge. Ni mmoja wa wanawake wanaoponda mawe karibu na mwalo, pale yanapooshewa mawe yaliyotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji. Kazi yao ni kukaa chini, jiwe mbele, nyundo mkononi, na kulivunja mpaka liwe kokoto. Siku mbili nyuma nyundo ilikuwa imempata kidole. Kidole chenyewe ni cha pete.

Msimamizi alikuwa mbele. Alimwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba, baba. Nilehemu. Nilehemu, baba."

Akafungua kitenge. Kidole kilikuwa kimevimba, kimepata rangi ya zambarau, na katikati ya uvimbe pete ya dhahabu imezama. Msimamizi akainama.

"Pete imepasuka, mama? Inataka lehemu?"

"Ndiyo, baba. Nilehemu tu."

"Pole. Lakini lehemu hapa haiwezekani, mama yangu. Haiwezekani kabisa."

Alikuwa na maana kwamba hawezi kuunga pete ikiwa kidoleni, atamuunguza, na nadhani alikuwa anajiandaa kueleza. Mama Masanja hakungoja. Alisema, "Sawa, baba," akafunga kitenge, akageuka. Nje nikamsikia akimwambia mwenye bodaboda, "Tulejee. Hata hapa lehema hakuna."

Mimi nilikuwa na lenzi jichoni, natengeneza kufuli la mkufu. Maneno yote yaliingia masikioni mwangu na hayakupishana, kwa sababu kwangu mimi yanatamkwa sawa. Ilibidi niyatoe upya moja moja. Mama alikuwa ameomba *rehema*. Kijana wa watu akasikia *lehemu*, akajibu kwamba lehemu haiwezekani. Mama naye akasikia kwamba rehema haiwezekani. Nilicheka kwanza. Halafu nikamwona kupitia dirishani anahangaika kupanda pikipiki kwa mkono mmoja huku machozi yanamtiririka, nikatupa mkufu mezani na kutoka mbio.

Nilimwambia kwa Kisukuma kwamba kijana hakumnyima rehema, alimnyima moto. Ilichukua muda kuelewa. Alipoelewa hakucheka, ila alishuka.

Ndani, tukimpa maji, alitueleza. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia pete ikatwe siku ileile, la sivyo kidole kitakufa, na alikwisha kushika kifaa cha kukatia. Mama akaunyakua mkono wake na kukimbia.

"Mayu," nikamwambia, yaani mama kwa Kisukuma, "daktari amesema kweli."

"Najua amesema kweli. Lakini pete hii haikatwi."

"Kwa nini?"

"Ndiyo uchumba wenyewe."

Pete ilikuwa ya zamani. Babu wa mume wake alipokwenda kuposa, ng'ombe wa kwao walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, zizi tupu. Akaenda Shinyanga, akarudi na pete ya dhahabu yenye kijiwe kidogo cha almasi, akaipeleka ukweni iwe neno lake mpaka mifugo ipatikane. Watu walishangaa, maana uchumba wa pete walikuwa hawaujui. Ng'ombe walikuja kulipwa baadaye, wote. Pete ikabaki kwa wanawake wa nyumba ile. Kila mama mkwe huivaa mpaka mwanawe aoe, ndipo huivua kidoleni mwake na kuivika moja kwa moja kidoleni mwa mchumba wa mwanawe. Haipiti sandukuni, haipiti kwa fundi.

"Mama mkwe wangu aliniambia hivi: hii haijawahi kulala mezani, haijaonja moto, haijakatwa. Ikikatwa, uchumba wa nyumba hii umekatika. Nikaivaa. Mimba zote nilivimba vidole nikalia, lakini sikuivua. Na Jumamosi hii ndiyo posa ya Masanja wangu. Sasa niende na nini? Na kipande?"

Msimamizi alinitazama. Mimi nilitazama kidole.

Nikamwambia tutajaribu uzi, mara moja tu. Nikichoma ncha ya kidole kwa ukucha asihisi, au nikikigusa nikute kimepoa, nitakata, alie asilie. Niliuweka msumeno mezani mahali anapouona. Alikubali kwa kichwa.

Njia ya uzi ni ya kale. Unapaka sabuni, unapenyeza ncha ya uzi chini ya pete kwa sindano butu, kisha upande wa pili unauzungusha kuelekea kwenye ukucha, mzunguko kwa mzunguko, umebana, bila kuacha nafasi. Uvimbe unasukumwa urudi nyuma. Halafu unaivuta ile ncha ya kwanza, uzi unafumuka, na pete inapanda juu yake kidogo kidogo. Ubaya wake ni kwamba kidole kilichokwisha kubanwa unakibana zaidi.

"Mayu, unaniongezea!" alilia. "Nimekuja kwa kubanwa, nawe unanibana!"

"Ndiyo. Vumilia kidogo."

Nilipojisikia nikisema neno hilo nilikasirika, kwa sababu ndilo nililokuwa nikiambiwa miaka ile Nyasubi. Msimamizi alikuwa amemshika bega, anasoma dua kimoyomoyo. Midomo yake ndiyo iliyomsaliti. Mama naye alikuwa anamwita Yesu kwa sauti. Pete ilipanda. Ikafika kwenye fundo la kidole, ikasimama.

Nilivuta tena. Ilisimama palepale. Nikaigusa ncha ya kidole, ilikuwa baridi. Nikamchoma kwa ukucha.

"Umesikia?"

Nilijua anataka kusema amesikia. Alitazama msumeno, akatazama dirishani, ambako yule wa bodaboda alikuwa amesimama na kofia yake mkononi kama yuko msibani.

"Sijasikia," alisema mwishowe. Kisha akasema, "Kata."

Niliufumua uzi haraka damu ipite. Nikapenyeza kibati chembamba kati ya pete na ngozi ili msumeno usimguse, nikakata upande wa kiganjani, mbali na jiwe. Msumeno wa sonara una utepe wa chuma mwembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe, na sauti yake ni ndogo mno, lakini mle chumbani hapakusikika kingine. Nikashika pete kwa koleo mbili, nikaipanua, ikatoka. Mama Masanja hakulia. Alikishika kile kidole akakipuliza kama cha mtoto.

Msimamizi akatoka naye nje kumwoshea mkono. Mimi nikaiweka pete chini ya lenzi nione nitaiungaje, na ndipo nilipoona.

Karibu na mahali nilipokata kulikuwa na mshono. Ulikuwa umepauka kidogo, lehemu yenye fedha nyingi, umesuguliwa na miaka hata jicho tupu lisiuone. Nikaigeuza pete. Upande wa pili, karibu na jiwe, kulikuwa na mwingine, mwekundu mwekundu, wenye shaba. Mikono miwili tofauti, nyakati mbili tofauti. Pete ambayo haijawahi kulala mezani ilikuwa imelala mezani kwa masonara wawili kabla yangu.

Nilikaa nikafikiri kama nimwambie. Fundi anaruhusiwa kunyamaza; tumenyamazia mengi, hasa pete zinazosemwa ni dhahabu. Lakini mwanamke huyu alikuwa nusura apoteze kidole kwa ajili ya maneno, na maneno yenyewe hayakuwa kweli. Nikamwita.

Alitazama kwenye lenzi kwa jicho moja, jingine kalifumba kwa nguvu zote. Nikamwonyesha wa kwanza, nikamwonyesha wa pili. Alirudia mara kadhaa. Kisha akakaa chini, si kwenye kigoda, sakafuni.

"Mama mkwe alikuwa na kovu," alisema. "Hapa, kidole hikihiki, limezunguka. Alituambia aliungua na sufulia."

Akaitazama tena ile pete.

"Kumbe alikatwa. Kumbe na yeye alikatwa, akaniambia mimi nisikatwe." Sasa ndipo alilia, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni. "Mimba nne, mayu! Nimekaa na kidole kwenye maji usiku kucha, naomba Mungu anipe nguvu nisishindwe, maana wenzangu hawakushindwa. Kumbe walishindwa wote."

"Walishindwa," nikasema, "na pete ipo."

Nje karasha ya kusagia mawe ilikuwa imewashwa, ikazimwa.

"Ina maana miaka yote nimeomba kitu kisichokuwapo," alisema taratibu. "Nimeomba nisikatike. Hakuna ambaye hajakatika. Ningeomba tu lehema."

Msimamizi akakohoa. Akauliza kwa adabu, kama mtu anayeogopa kukosea mara ya pili: "Samahani, mama. Rehema, au lehemu?"

Mama Masanja alimtazama, akatazama pete iliyoachama mezani. Akaanza kucheka huku bado analia.

"Vyote, baba. Mnilehemu na mnilehemu."

Nililehemu mchana uleule. Ilinibidi niichomeke ile sehemu yenye jiwe ndani ya kiazi, ili moto usilifikie. Kiazi kina maji, hupoza. Msimamizi alikuwa hajawahi kuona, akauliza kama ni dawa ya asili. Nikaongeza kipande cha dhahabu kuipanua, maana kidole cha posa hakikujulikana ukubwa, na ni rahisi kupunguza kuliko kuongeza. Mshono wangu ningeweza kuusugua usionekane. Niliusugua kiasi tu. Mama Masanja alirudi zahanati siku hiyohiyo, daktari akamsafisha na kumfunga, na kidole kikapona, ila ukucha ulianguka na mpya ukaota umepinda.

Nimestaafu sasa. Naishi Shinyanga na binti yangu, na mikono mitamu imeingia baridi yabisi, kwa hiyo hata chungwa namenyewa. Vijana wa kanisani wameniomba nitoe ushuhuda juu ya kazi yangu, na najua wanachotaka: wanataka almasi. Wanataka niwaambie kwamba shida hutung'arisha. Mimi nimeona shida ikivunja watu wazuri, nimeona watu wakipigwa wakiwa wamechoka, na sijaona aliyeng'aa kwa hilo. Kama kuna kitu Mungu anakifanya kwenye kubanwa kwetu, kwa nilivyoona mimi, hakifanyi kwenye kubana. Anakifanya baadaye, akiwa na moto mdogo na mkono usio na haraka. Zaidi ya hapo sijui, na siwezi kusimama madhabahuni kwa maneno machache hivyo.

Lakini nilikuwapo siku ya posa ya Masanja. Mama yake alinialika na nikaenda, nikakaa mkekani na wanawake. Wazee wa kiume walikuwa wamemaliza habari za ng'ombe. Mama Masanja alisimama, mkono umefungwa bendeji, pete amevaa kwenye kidole cha mkono mwingine. Angeweza kuivika kimya kimya, na nyumba nzima isingejua. Akasema mbele ya wote kwamba pete hii walisikia haijawahi kukatwa, naye pia alisikia hivyo, lakini si kweli. Imekatwa mara tatu, na mara ya tatu ni juzi, na ni yeye aliyesema ikatwe. Kama ukweni wanaona uchumba umekatika, waseme sasa kabla hajamgusa binti.

Mjomba wa binti alitazama chini. Masanja mwenyewe alikuwa amekunja uso kama mtu anayesubiri sindano.

Bibi mzaa mama wa yule binti, kizee mdogo aliyekuwa amesinzia toka tufike, akanyoosha mkono aletewe pete. Aliipapasa kwa kidole gumba, polepole, kwa ndani na kwa nje, mpaka akaupata mshono wangu. Akaupapasa tena. Kisha akamrudishia Mama Masanja.

"Mvike mtoto," alisema. "Mngetuletea isiyokatwa, ningewauliza siku za shida mlikuwa mmeificha wapi."